Siku Mama Alipovikana Vyombo Vyake

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo ikinifikia masikioni hunifanya niinue kichwa hata nikiwa katikati ya mazungumzo: sauti ya kikombe cha udongo kikitua kwenye kisosi chake. Juzi niliisikia katika duka la vyombo hapa Bariadi mjini, karibu na stendi. Muuzaji alikuwa akitoa vikombe kwenye boksi na kuvipanga juu ya meza, na nje bodaboda zilikuwa zikigombea abiria. Mimi nilikwenda kununua sufuria tu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka yule kijana akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Nikamwambia hapana, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuchezacheza, kama ilivyokuwa ikicheza nilipokuwa mtoto wa darasa la nne ambaye hakuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kuchemsha chai.

Nyumbani waliniita kiguu na njia. Bibi yangu mzaa baba alidai kwamba nilipozaliwa mkunga alinifunga kitovu kwa kamba ya ndama, na kwamba ndiyo sababu nilikuwa siachi kukimbia. Nawaambieni haya mapema ili mjue aliyeyaona mambo haya alikuwa mtoto wa namna gani. Niliyaona nikiwa nimesimama mguu mmoja, tayari kuondoka.

Kijiji chetu kiko mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka Bariadi. Siku hizo tulikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Nakumbuka kidogo ile miaka ambayo rafu za maduka zilikuwa tupu, na sabuni ilikatwa vipande kama nyama. Watu walikula kwa kile walichokuwa nacho: sahani za bati zilizobanduka rangi, bakuli za plastiki zilizopinda kwa moto, vibuyu, vikombe ambavyo mikono yake ilikuwa imechomelewa mara ya pili na ya tatu. Hakuna aliyemcheka jirani yake, maana hakuna aliyekuwa na cha kumzidi.

Kisha mambo yakafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, na magari yao na mizani yao, wakishindana na chama cha ushirika, na nyuma yao vikaja vitu. Redio, baiskeli mpya, mablanketi yenye picha za simba. Mama yangu alikuwa na shamba lake la pamba, mbali na lile la baba, na mwaka ule alipanda gari la pamba mpaka Bariadi akiwa amevaa kanga yake ya kwendea kanisani. Sote tulikuwa na matumaini yetu. Baba alitarajia bati za nyumba. Dada yangu Milembe alitarajia viatu. Mama akarudi na boksi kubwa lililofungwa kamba ya katani, akalishusha mwenyewe, akakataa lisiguswe na mtu.

Lilipofunguliwa likatoa harufu ya nyasi kavu na ya magazeti yaliyoandikwa kwa herufi ambazo hata mwalimu wetu hakuzijua. Ndani yake mlikuwa na sahani kumi na mbili, mabakuli matatu yenye vifuniko, vikombe kumi na viwili na visosi vyake, na birika la chai lenye tumbo la mviringo. Vyote vyeupe, vyenye maua madogo ya bluu na ukingo mwembamba wa dhahabu. Ukiinua sahani kwenye mwanga uliweza kuona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili. Baba aliitazama moja, akaigeuza, akauliza kama sahani hizo zinajua kupalilia. Lakini Jumapili iliyofuata, alipomkaribisha katekista nyumbani, ni baba huyohuyo aliyeita kutoka sebuleni kwamba chai iletwe kwenye vile vyombo.

Seremala alitutengenezea kabati lenye mlango wa kioo. Mama akatandika vitambaa vya kufuma kwenye kila rafu, akafunga, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Sisi tuliendelea kula kwa bati. Vile havikuwa vyombo vya kulia. Vilikuwa vyombo vya kulishia wengine.

Haukupita mwaka, vikawa vyombo vya kijiji kizima. Aliyekuwa na ubatizo, aliyetembelewa na padre, aliyeletewa posa, wote walikuja kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Lakini pale kwetu mwenyeji alipona kwanza kwa kupitia kabati la mama. Masharti yake yalikuwa machache: uje mwenyewe, usitume mtoto, na vyombo visisuguliwe kwa majivu. Siku moja kifuniko cha birika kilianguka na kumeguka pembeni, basi akakifunga kwenye mkono wa birika kwa uzi mwekundu wa sufu, na tangu hapo kikawa kinaning'inia kama hereni. Kazi yangu mimi ilikuwa kufuatana na vyombo kila vilikokwenda na kuvihesabu. Niliipenda kazi ile kuliko shule. Ilinipa ruhusa ya kutangatanga na bado nikaitwa mtu wa maana.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa aliishi mjane aliyeitwa Mama Holo. Mumewe alifariki Holo akiwa bado ananyonya. Holo alikuwa amekua msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, mwenye mikono mizuri ya kusuka ukili. Wachumba wa kwanza walikuja kutoka upande wa Maswa. Mama Holo, kwa haya au kwa kiburi, hakuja kuazima kwetu. Akawaandalia kwa sahani zake za plastiki, moja ikiwa imeungua ukingo. Wakala, wakashukuru, wakaondoka, hawakurudi. Huenda walikuwa na sababu mia moja, lakini kijiji kilichagua moja: sahani. Kisimani wasichana walimwita Holo Sahani, na kicheko chake kikawa hakisikiki tena mpaka upande wetu.

Kwa hiyo watu wa Nassa walipotuma habari kwamba wanakuja, Mama Holo alifika kwetu jua halijatoka vizuri. Baada ya salamu ya mwangaluka na habari za ng'ombe alikaa akichora chini kwa kidole. Mama alishafungua pindo la kanga kabla hajasema neno.

Posa ile ilikwenda vizuri. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, mvaa kofia, mwenye sifa ya kutosahau kitu, akijua hata rangi ya ng'ombe aliowatoa babu yako kulipa mahari. Akaisifu nyumba, akakisifu chakula, kisha akalishika birika na kusema kwamba nyumba yenye vyombo kama hivi ni nyumba iliyotulia. Mama Holo, kwa furaha au kwa hofu, akajibu kuwa ameachiwa na marehemu mume wake.

Mimi nilikuwa pale mlangoni nikilinda vikombe. Nilikimbia mpaka nyumbani bila kufuata njia, nikapita katikati ya minyaa nikachanika gauni, nikamwambia mama yote. Alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Miezi michache baadaye ikawa zamu yetu. Milembe alichumbiwa na kijana fundi cherehani wa Malampaka, aliyekuwa na kibanda chake karibu na stesheni. Tulipika tangu alfajiri: wali, kuku wawili, sato wa kukaanga. Wanawake wa jirani walijaa jikoni, Mama Holo akiwa mmoja wao. Vyombo vilikuwa vimeshapangwa mezani, birika katikati, baiskeli za wageni zilipoingia uani. Wa kwanza kushuka alikuwa yule mzee wa Nassa. Ulimi wake ulikuwa umesifika hata Malampaka, nao wakamwomba awasemee.

Nilimwona Mama Holo akimwona. Mwiko ulibaki ndani ya sufuria na mkono wake ukabaki juu ya mwiko. Mama naye alichungulia, akaitazama meza kule sebuleni, akaona kwamba wageni wameshaketi. Akachukua jagi na beseni, akaenda kuwanawisha.

Yule mzee alinawa taratibu, akajifuta, akalitazama birika kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani.

"Birika hili tunafahamiana," alisema. "Lina uzi wake mwekundu. Nilikunywa chai yake kwa mkwe wetu, Mama Holo. Au macho yangu yamezeeka?"

Baba alifungua mdomo. Alikuwa mtu ambaye hata mbuzi wake akiitwa wa mwingine alikosa usingizi. Lakini mama alikuwa amepiga magoti na beseni lake, na yeye ndiye aliyewahi.

"Macho yako ni mazima, baba. Vyombo ni vya Mama Holo. Ametuazima ili tuwapokee vizuri."

Shangazi wa bwana harusi aliyekuwa kwenye msafara aliitazama sahani yake na kutabasamu kwa upande mmoja. Mwanamume mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nao wakacheka chinichini. Uso wa Milembe, aliyekuwa ameleta wali, ukabadilika kabisa. Mimi nikasikia sauti ikitoka kinywani mwangu, "Lakini mama," na papo hapo Milembe akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino chake, kwa nguvu zote za fedheha aliyokuwa nayo. Mama akaniambia niende nikachote maji. Mitungi yote miwili ilikuwa imejaa pomoni. Nilikwenda nyuma ya ua nikarusha mawe kwenye kichuguu mpaka bega likauma.

Na mambo hayakuishia hapo. Yule mzee aliaga akisema atapita kuwasalimu wakwe zake wa ng'ambo ya ua, kama ilivyo desturi. Ikabidi vyombo vimtangulie. Alipokuwa akipewa maneno ya mwisho na baba, jikoni vyombo vilioshwa kwa haraka, na wanawake wakaondoka navyo kichwani, mchana kweupe. Mimi nilibeba birika. Nilikuwa nikilia na sikuwa na mkono wa kujifutia machozi. Mzee akatupita na baiskeli yake, akanipungia.

"Taratibu, mjukuu," aliniambia kwa upole, "usije ukaangusha mali ya watu."

Jioni ile baba alikula ugali wake mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mama swali moja tu: "Na Milembe je?"

"Milembe ana baba," mama alijibu.

Mimi nililifikiria jibu lile usiku na mchana nikaona halina maana. Kila mtu anajua kwamba Milembe ana baba. Alikuwa amekaa pale akinawa mikono.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kabati lilibaki na vitambaa vitupu, na nilipopita mbele yake niliona uso wangu mwenyewe kwenye kioo. Habari kutoka Malampaka hazikuja. Milembe alikuwa akishona shuka moja, akifumua, akishona tena. Mimi sikuweza kutulia kabisa. Asubuhi kabla ya shule nilipita kwa Mama Holo nikahesabu vikombe kupitia dirishani. Nikirudi shule nilipita tena. Nilihesabu kana kwamba vitapungua kwa kutotazamwa, na kila nilipovikuta vimetimia hasira yangu ilizidi.

Siku moja nikamkuta Holo peke yake akiota jua, anasuka mkeka wake wa harusi. Alinikaribisha nikae. Sikukaa. Nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya mtu mzima, ni lini atarudisha vyombo vyetu, kwa sababu dada yangu atakosa mume kwa ajili yavyo, na Sahani ni yeye, si Milembe.

Ukili ulimponyoka ukajifungua mwenyewe magotini mwake, polepole. Niliondoka mbio. Nilijiona nimeshinda, na bado sikuthubutu kugeuka nyuma.

Kesho yake, siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa njiani na ng'ombe wao, Holo alitoka kwao na lile boksi kichwani. Hakupita nyuma ya minyaa kama mtu mwenye siri angepita. Alishika barabara kubwa, mbele ya duka, mbele ya kinu, uso wake mkavu, akielekea kwetu. Kila aliyemwona alitaka kujua anapeleka wapi vyombo. Na miongoni mwa watu wa mnada walikuwemo wachuuzi wa samaki kutoka Nassa.

Mama alikuwa akifagia uani. Alimwona kwa mbali, akaangusha ufagio, akatoka kumlaki njia panda, na mimi nyuma yake. Walisimama karibu karibu. Holo alisema kitu ambacho sikukisikia, ila nilisikia jina langu. Mama aligeuza kichwa akanitazama mara moja. Sijawahi kuchapwa fimbo iliyouma kama kutazamwa kule. Kisha akalishusha boksi kutoka kichwani kwa Holo, akajitwika mwenyewe, akamshika mkono, wakarudi walikotoka, kwa barabara ileile, kupita kinu, kupita duka. Kila aliyemsalimu alijibiwa kwa sauti ya kusikika: namrudishia Mama Holo vyombo vyake, tumevikalia sana, tunashukuru, wabeja. Alilisema hilo labda mara kumi. Alilisema hata kwa mtu ambaye hakuuliza.

Hakunichapa. Alinipa adhabu ya kwenda kuchota maji na Holo kila siku mpaka siku ya harusi. Siku ya tatu Holo aliniuliza kama najua kusuka ukili. Nikasema sijui. Akanifundisha. Hatukuzungumza lile jambo kamwe.

Holo aliolewa Nassa. Harusi ilipokwisha, Mama Holo alirudisha boksi, safari hii nyuma ya minyaa, akapiga magoti mbele ya mama kama mtoto mdogo, na mama akamwinua kwa kumkemea. Akafungua boksi, akatoa vikombe sita na visosi vyake pamoja na lile birika, akamwambia ampelekee binti, kwani mzee wa watu atataka chai na atauliza birika liko wapi. Kwa hiyo tukabaki na nusu ya vikombe, na kwa miaka mingi chai ya wageni wetu ilimiminwa kutoka kwenye birika la bati.

Na Malampaka je? Walirudi. Walikuwa wamechelewa kwa ajili ya msiba wa kwao, si kwa jingine. Milembe alikuja kusimuliwa na mama mkwe wake mwenyewe yaliyosemwa nyumbani kwao baada ya ile ziara. Yule mzee wa Nassa aliwaambia kwamba amekwenda posa nyingi maishani, na kila nyumba hujipamba kwa vitu vya jirani na kusema ni vyake. Lakini nyumba ya Milembe iliulizwa ikasema wazi kuwa imeazima. Oeni huko, akawaambia, watu wale hawajui kudanganya. Milembe alinisimulia hayo akiwa ameshika mbavu kwa kucheka, machozi yakimtoka, na tulipompelekea mama habari hiyo alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Ilinichukua miaka kulielewa lile jibu alilompa baba. Nililielewa siku nilipoona msichana mwingine asiye na baba akipimwa kwa macho sebuleni kwa watu, ambapo kila kitu kinachokosekana kinahesabiwa kuwa yeye. Sisi tulikuwa na ng'ombe, shamba, na mwanamume wa kukohoa mlangoni. Aibu ikitufikia ilikuta mahali pa kupumzikia. Kwa Mama Holo ingekuta ngozi tupu.

Lakini kuna jingine ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, tumekaa na mama barazani tukichambua mchele. Nilimwambia jinsi ilivyonitesa kuwa mtu pekee aliyejua ukweli na kukatazwa kusema. Aliacha kuchambua.

"Pekee?" alisema. "Minza, jikoni siku ile walikuwepo wanawake saba. Wote walishawahi kupokea wakwe kwa vyombo vile. Ulimsikia mmoja wao akikohoa?"

Kumbe wote walijua. Barabarani, dukani, kwenye kinu, watu walimjibu mama kwamba amefanya vema kurudisha, hali kila mmoja alijua boksi lile lilitoka kabati gani. Ile siri niliyodhani naibeba peke yangu ilikuwa imebebwa na kijiji kizima, na aliyekaribia kuiangusha ni mimi.

Nikamwambia basi ndiyo maana haikumuwia vigumu. Alikuwa na watu nyuma yake, na moyo wake ni mkubwa kuliko vyombo. Nilidhani namsifu. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa gauni nyuma mbele.

"Iliniuma," alisema. "Nani alikwambia haikuniuma? Vile vilikuwa vitu vyangu vya kwanza maishani ambavyo sikupewa na mtu. Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani, nikashinda nalima mahali ambapo palikuwa pameshalimwa."